Alichouliza Bwana Tait

Nyumbani kwa kina Sabreen kila mtu alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa siku moja unaoondoka kwa usingizi mzuri. Ulikuwa uchovu uliohamia mle ndani kama mgeni asiyeaga. Baba yake aliendesha lori la mizigo kwenda Montreal na kurudi, akaonekana nyumbani Jumapili tu. Mama yake alifanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Alirudi saa moja asubuhi, wakati Sabreen anatoka kwenda shule, wakasalimiana mlangoni, mmoja akivua viatu na mwingine akivaa.

Aliyebaki macho nyumbani mchana kutwa alikuwa Dadima. Hivyo ndivyo Wakhoja, yaani Wahindi wa Kiislamu kama wao, wanavyomwita mama mzaa baba. Jina lake hasa lilikuwa Rehmat, na alikuwa ameishi Arusha miaka sitini na saba kabla ya mwanawe kumleta Toronto, kwenye ghorofa ya tisa ya jengo moja la Don Mills. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, Kikachi na Kigujarati vizuri zaidi, lakini Kiingereza chake kilikuwa maneno sita, na matatu kati ya hayo yalikuwa salamu. Kwa hiyo Sabreen, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Dukani ni Sabreen, kwa mwenye nyumba ni Sabreen, na kila Alhamisi baada ya shule, kwenye kliniki ya magoti, ni Sabreen huyo huyo.

Kutoka kliniki walipanda basi moja, wakashuka kusubiri la pili. Kituo cha kubadilishia basi kilikuwa mbele ya kanisa dogo la matofali mekundu, lililobanwa katikati ya majengo ya ofisi. Kando ya kanisa palikuwa na makaburi ya wakulima wa kwanza waliokata misitu ya sehemu ile, miaka mia moja na themanini iliyopita. Mawe yake yalikuwa membamba na meupe, mengine yameinama, na maandishi yamelika kwa mvua hata ukayasoma kwa kidole. Jiwe moja lilikuwa la mtoto aliyeishi miezi minne.

Basi la pili lilichelewa kila mara, na Dadima hakuwa mtu wa kukaa bure. Arusha, kila Alhamisi alasiri, alikuwa akienda kwenye kaburi la mumewe na birika la maji, akafagia, akamwagia maji, akasoma dua zake. Sasa kaburi lile lilikuwa mbali mno. Hivyo alisukuma geti la kanisa, akachechemea mpaka kwenye mawe yale ya wageni, akaanza kuondoa majani makavu na vikombe vya kahawa vilivyotupwa na wapita njia. Sabreen alipomuuliza kwa nini anajisumbua kwa watu asiowajua, Dadima alisema kwamba hawa nao walikuwa na watu wao, ila watu wao wamekwisha.

Shuleni kwao Sabreen palikuwa na klabu ya mchezo ambao watoto waliuita jiokeshi. Mtu huficha kopo mahali fulani, kisha huandika kwenye tovuti mahali lilipo na fumbo dogo la kusaidia. Wengine hufuata ramani ya simu, wakalisaka mpaka wakalipata. Ndani ya kopo mna daftari; unaandika jina lako na tarehe, halafu unalirudisha kopo pale pale, limefichwa vile vile, ili anayekuja baada yako naye alipate. Mchezo mzima unasimama juu ya hilo. Mwalimu wa klabu alilirudia kila juma hadi watoto wakamwigiza: rudisha ulipokikuta, kama ulivyokikuta.

Jumanne moja ya mwezi wa Oktoba, Sabreen na rafiki yake Shazia walitumwa kusaka kopo lililofichwa kwenye makaburi yale yale. Sabreen alicheka, maana alidhani anaijua kila pembe ya pale. Kumbe hakuijua. Walizunguka karibu saa nzima na mabegi mgongoni, na baridi ikawala vidole, hadi Shazia akainua jiwe bapa chini ya ukuta, nyuma ya mti wa mwerezi, mbali kabisa na makaburi. Palikuwa na shimo, na ndani yake kopo la biskuti lililoanza kushika kutu. Daftari lilikuwa limefungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki. Walilibeba kopo mpaka karibu na geti, wakaandika majina yao kwenye ukurasa wa karibu na mwisho.

Hapo basi likaonekana linakuja. Shazia alikimbia. Sabreen alikuwa ameshika kopo mkononi, na ukuta ulikuwa hatua thelathini nyuma yake. Alikuwa ameamka alfajiri, hesabu zilikuwa zinamsubiri nyumbani, na lile basi likipita lingine lingekuwa baada ya dakika ishirini. Akaliegemeza kopo nyuma ya jiwe la kaburi lililokuwa karibu. Alijiambia kwamba keshokutwa ni Alhamisi, atakuja na Dadima, na atalirudisha shimoni taratibu. Kisha akakimbia, akaliwahi basi, na akasinzia njia nzima.

Alhamisi ilifika. Kliniki walikaa sana, na mtaalamu wa viungo alikuwa na maneno mengi, yote ya kutafsiriwa. Walipofika kwenye kituo cha kanisa, Sabreen alikaa kwenye kibanda, akaegemeza kichwa kwenye kioo, akasema moyoni apumzike dakika mbili tu ndipo aende kwenye kopo. Uchovu si dhambi. Lakini dakika mbili za mtu aliyechoka huwa ndefu, na alipofumbua macho alimwona Dadima amesimama kwenye pipa la taka la getini, akilitumbukiza kopo la biskuti lenye kutu. Dadima alikung'uta mikono, akaja zake kibandani, akiwa ameridhika kama mtu aliyemaliza kufagia ua.

Sabreen alifungua mdomo. Basi likafika. Dadima alihitaji kushikwa mkono kupanda, kadi ilihitaji kugongwa kwenye mashine, kiti kilihitaji kutafutwa. Walipokwisha kukaa, neno lilikuwa limerudi tumboni. Akajifariji kwamba ni kopo tu, kopo la biskuti, tena lenye kutu.

Siku zilizofuata, kwenye tovuti ya mchezo, watu watatu mmoja baada ya mwingine waliandika kwamba wamelisaka kopo la makaburini na hawakulipata. Mwalimu aliwauliza Sabreen na Shazia kama walilirudisha vizuri, kwa kuwa wao ndio wa mwisho kulipata. Shazia alijibu ndiyo kwa moyo mweupe, maana alikuwa amekimbia mbele na hakuona kitu. Sabreen alitikisa kichwa kukubali. Baadaye, kwenye kabati za vitabu, alimweleza Shazia ukweli kwa sauti ya chini.

"Usiseme," Shazia alimwambia. "Ukisema watakutoa kwenye klabu. Na bibi yako je? Watamwona mwizi. Mwenye kopo atanunua jingine, basi."

Ushauri ulimfaa Sabreen, si kwa sababu ulikuwa mzuri, ila kwa sababu haukumtaka afanye kitu. Aliupokea na kwenda nao nyumbani.

Alhamisi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Waliposhuka kwenye kituo cha kanisa, waliona mzee mmoja makaburini, amepiga magoti kwenye majani yaliyolowa, fimbo yake kando, akipekua chini ya ukuta kwa mikono miwili. Alipowaona, alijiinua kwa shida, akaja mpaka kibandani. Suruali yake ilikuwa imelowa magotini. Alivua kofia, akasema jina lake ni Bwana Tait, na akaomba radhi kwa kuwasumbua.

Alizungumza polepole kwa Kiingereza, akimtazama Dadima kwa heshima, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alisema miaka kumi na moja iliyopita yeye na mkewe walificha kopo pale. Mkewe ndiye aliyetunga fumbo, na ndiye aliyeandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Alikuwa amefariki majira ya kuchipua yaliyopita. Hakuwa amelichukua daftari kwa sababu mkewe alipenda wageni waje waandike chini ya maandishi yake. Sasa halipo. Kopo halikumshughulisha, alisema, kopo ni bati tu. Lakini mara nyingi alikuwa amemwona mama huyu akisafisha makaburi, na alitaka kumuuliza kama ameliona. Hapo akaonyesha kwa mikono ukubwa wake, hivi na hivi.

Dadima alimgeukia mjukuu wake. "Anasemaje?"

Sabreen alitazama viatu vyake. Watu wawili walikuwa wanamtazama, na kati yao hapakuwa na njia nyingine ila yeye. "Anauliza basi linakuja saa ngapi," alisema.

Dadima alikunja uso kidogo. "Maneno yote yale, basi tu? Na mikono hii je, anapima nini?"

"Anauliza kama ni yale mabasi marefu."

Uongo mmoja hauna ada ya kuzaliwa peke yake. Huja na wadogo zake. Dadima, aliyekuwa mwepesi wa huruma, alisema, "Mwambie linakuja baada ya dakika kumi, na ni refu. Mwambie akae hapa kwenye benchi apumzike, magoti yake yanamuuma kama yangu."

Sabreen alimgeukia Bwana Tait. "Bibi yangu anasema hajaona kitu," alisema kwa Kiingereza. "Anasema pole sana."

Bwana Tait alitazama chini. Kisha akamwinamia Dadima, akamshukuru, akavaa kofia yake na kurudi kwenye mvua. Dadima alimfuata kwa macho. Alisema yule Mzungu ana adabu sana, ila ni wa ajabu, anauliza basi halafu haingii. Sabreen aliikodolea macho barabara kama analitafuta basi. Walipopanda, alimwona kupitia kioo yule mzee amepiga magoti tena.

Juma lile Sabreen alichoka kuliko majuma yote. Alilala mapema akaamka amechoka. Hata hivyo, aliyemsumbua zaidi hakuwa Bwana Tait. Kilichomsumbua ni maneno aliyoyatia mdomoni mwa Dadima. Dadima hakuwahi kusema uongo hata kwa muuza nyanya, na sasa alikuwa ameusema mbele ya mtu mwenye msiba, tena akitabasamu, bila kujua.

Alhamisi ya tatu, kliniki, mtaalamu wa viungo alieleza kwamba goti la kulia halijapata nafuu ya kutosha. Palikuwa na njia mbili: sindano kila baada ya miezi kadhaa, au kungoja operesheni. Alieleza faida na hatari za kila moja. Sabreen alitafsiri neno kwa neno, akirudi nyuma kila aliposahau. Alipomaliza, alimuuliza Dadima kama ana swali la kumuuliza mtaalamu.

"Nimuulize nini?" Dadima alisema. "Wewe ndiye umeniambia. Mimi mji huu nauona kwa mdomo wako, mama. Ukisema ni sindano, basi ni sindano."

Alitia sahihi karatasi asiyoweza kuisoma, pale Sabreen alipomwonyesha kwa kidole. Sabreen alitazama ile kalamu inavyokwenda bila wasiwasi wowote, na machozi yakamjaa. Mtaalamu alidhani anamwonea bibi yake huruma, akampa karatasi laini ya kujifutia.

Waliposhuka kwenye kituo cha kanisa, Bwana Tait alikuwepo. Safari hii alikuja na reki, na alikuwa ametengeneza marundo madogo ya majani kando ya kila kaburi, akiyapekua moja moja. Dadima alinyanyua mkono kumsalimu. Ndipo Sabreen alipomshika nguo.

"Dadima, hakuuliza basi," alisema.

Alieleza yote hapo kibandani, kuanzia shimo na jiwe bapa mpaka pipa la taka, mpaka mabasi marefu, mpaka lile jibu alilolitoa kwa jina lake. Alieleza vibaya, akilia, akirudia. Dadima alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, basi lao likaja, likafungua mlango, likaufunga, likaondoka, na Dadima hakuinuka.

"Kopo nililitupa," Dadima alisema mwishowe. "Daftari sikulitupa."

Sabreen aliacha kujifuta machozi.

"Nilifungua nikaona maandishi. Mimi sijui Kiingereza, lakini kitu kimetoka uwanja wa kanisa, nani ajuaye kama hakuna jina la Mungu ndani? Karatasi ya namna hiyo haitupwi kwenye takataka. Nililiweka kwenye mkoba, nikalitia kwenye mfuko wangu wa karatasi chakavu, juu ya kabati."

Kila nyumba ya jamii yao ilikuwa na mfuko kama huo. Kurasa zilizochanika za vitabu vya dini, kalenda zenye aya, daftari za madrasa zilizokwisha, vyote viliwekwa humo, kisha vikapelekwa msikitini vikazikwe kwa heshima. Sabreen aliufahamu mfuko wa Dadima tangu alipokuwa mdogo, na hakuwahi kuuwazia hata mara moja.

"Kwa hiyo lipo nyumbani?" Sabreen aliuliza.

"Alhamisi iliyopita lilikuwa nyumbani," Dadima alisema. "Yule mzee alipokuwa amesimama hapa, amelowa, daftari la mkewe lilikuwa juu ya kabati langu. Ningemwambia hapo hapo. Ijumaa mama yako akaupeleka mfuko msikitini. Sasa sijui."

Hakupandisha sauti, na Sabreen alitamani angeipandisha. Kisha Dadima alichukua mkoba wake, akainuka kwa shida. Alisema waende wakamwambie. Sabreen aliuliza kwa woga kama wasingengoja kwanza walipate daftari, ndipo waseme. Dadima alikataa. Mtu anayepekua majani, alisema, hawezi kuachwa apekue hata dakika moja zaidi kwa kitu ambacho wao wanajua hakipo pale.

Sabreen alimweleza Bwana Tait, akiwa amesimama katikati ya marundo ya majani, na Dadima kando yake amemshika bega. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa juu ya ukuta, akaweka reki chini, akasema kwamba alikuwa amekuja siku tisa. Aliandika namba ya simu kwenye kipande cha karatasi, akampa Dadima, si Sabreen.

Ijumaa baada ya shule Sabreen na Dadima walipanda mabasi mawili kwenda msikitini. Bi Kanizfatema, aliyekuwa akijitolea kukusanya karatasi zile, aliwafungulia chumba cha chini. Palikuwa na magunia kumi na manne ya karatasi za nyumba zote zilizochanganywa, yamepangwa ukutani, yote yamefungwa, yote yamefanana. Aliwaambia wana bahati, gari la kuyapeleka makaburini kwenda kuzikwa lilikuwa linakuja kesho yake saa mbili asubuhi.

Walitawadha kwanza, maana hawakujua mkono utagusa nini. Dadima alikaa kwenye kiti, mguu ukiwa umenyooshwa juu ya kingine, na Sabreen akamletea gunia la kwanza. Walitoa karatasi moja moja, wakazipanga upya, moja moja. Kadi za mialiko ya majlisi. Kalenda za miaka iliyopita. Daftari za watoto wa madrasa, zenye herufi zilizopinda na alama nyekundu za mwalimu. Hawakuweza kumwaga chini, wala kuharakisha, na gunia moja lilichukua muda wa kupika wali. Gunia la tatu. Gunia la tano. Vumbi liliingia puani, mgongo ukauma, na Dadima akawa anafumba macho kila baada ya muda, kisha anaendelea. Sabreen alimwambia apumzike. Dadima akasema kupumzika ni kuzuri, ila gunia halijipekui.

Lilikuwa gunia la nane. Mfuko wa plastiki ulitokeza kwanza, kisha kona ya jalada la kijani. Sabreen alilitoa kwa mikono miwili, akalifungua ukurasa wa kwanza ahakikishe, akalifunga haraka kwa kuwa hakuona kwamba ana haki ya kusoma. Alipogeuka kumwonyesha Dadima, alimkuta amelala kwenye kiti, na karatasi ya mtoto wa madrasa mkononi.

Jumamosi asubuhi walimkuta Bwana Tait getini. Dadima alikuwa amekuja na kopo jipya, kopo lake imara la kuwekea vitafunio vya chevda, alilolisugua mpaka likang'aa. Bwana Tait alilipokea daftari, akavua glavu kwa meno, akafungua mwanzo. Alisoma kimya. Kisha akasoma tena kwa sauti, na Sabreen akatafsiri.

"Mkewe ameandika hivi," alimwambia Dadima. "'Mtakaofika hapa, andikeni majina yenu. Hawa waliolala hapa ni wakarimu, na hawapati wageni wengi.'"

Dadima alitikisa kichwa polepole. Bwana Tait alijifuta pua, akamtazama Sabreen. Alisema kitu kingine, kifupi, na uso wake haukuwa laini. Ingekuwa rahisi kwa Sabreen kusema kwamba amewashukuru.

"Anasema anashukuru kwamba daftari limepatikana," alisema. "Na anasema amenikasirikia. Anasema hasira yake haijaisha, na huenda ikachukua muda."

"Ana haki," Dadima alisema. "Mwambie nimesema ana haki. Na mwambie mkono uliotupa kopo ulikuwa wangu, naomba radhi."

Sabreen alimwambia. Mzee alitoa kalamu, akampa Dadima. Dadima aliandika jina lake chini ya majina ya watoto, kwa herufi za Kigujarati, taratibu, akiitazama kazi yake kwa kuridhika. Bwana Tait hakutaka kulipeleka daftari nyumbani. Alilitia kwenye kopo la chevda, akamkabidhi Sabreen, akamfuata mpaka kwenye mwerezi. Alisimama juu yake mpaka kopo likaingia shimoni na jiwe bapa likakaa sawa.

Jumatatu Sabreen alimweleza mwalimu wa klabu. Alisimamishwa mpaka baada ya mwaka mpya, akakubali bila kubisha. Alidhani adhabu imekwisha. Hakuijua nyingine.

Alhamisi aliporudi kutoka shuleni kumchukua Dadima, alimkuta mama yake amekaa mlangoni, amevaa koti, macho mekundu. Siku za Alhamisi zamu yake iliongezwa hadi adhuhuri, kwa hiyo alikuwa amelala kwa muda wa saa mbili tu. Dadima alikuwa amemwomba aende nao kliniki, ili asikilize mtaalamu anasema nini kuhusu sindano. Kwenye basi mama yake alilala amesimama, ameshika chuma. Kliniki alijifinya kwa kucha ili asisinzie, akasikiliza, akathibitisha kila neno ambalo Sabreen alilitafsiri. Lilikuwa sahihi lote. Jioni aliondoka tena kwenda kazini bila kugusa kitanda.

Sabreen alikwenda chumbani kwa Dadima, akamwambia alitafsiri vizuri, mama mwenyewe amesikia, kwa nini amtese mama namna ile.

Dadima alimkalisha kitandani kando yake. "Sikumtesa mimi," alisema. "Njia ya mwongo ni fupi, lakini wanaoibeba mizigo yake ni wengi. Uliacha kopo kwa sababu umechoka. Hilo nalielewa, sote tumechoka humu ndani. Ulinyamaza kwa sababu unaogopa. Hilo pia nalielewa. Lakini siku ulipochukua maneno ya mtu ukayageuza, ulinifanya mimi kipofu. Sasa nikikaa mbele ya daktari nasikia sauti yako na ninajiuliza, hili ndilo alilosema, au ni basi? Sikupenda kujiuliza. Sitaki. Ila siwezi kujizuia. Ukweli wako ulikuwa unampa mama yako usingizi, Sabreen, na hakuna aliyejua mpaka ulipoondoka."

Sabreen aliuliza itachukua muda gani. Dadima alisema hajui, yeye si saa.

Ilichukua Alhamisi tano. Kila Alhamisi mama yake alikuja, akiwa amejifunga skafu mpaka puani, na Sabreen alitafsiri kila kitu, hata yale ambayo mtaalamu alisema kwa kuchoka, hata siku aliposema Dadima ni mkaidi na hafanyi mazoezi yake. Dadima alilipokea hilo kwa kununa, lakini alilipokea. Theluji ilianza kuanguka, na makaburini Dadima akawa anaingia na brashi ndogo kupangusa juu ya mawe.

Alhamisi ya sita Sabreen alirudi kutoka shuleni, akakuta mama yake amelala kwenye kochi, amevaa koti tayari, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alinyoosha mkono amwamshe. Dadima alikuwa amesimama karibu na mlango, mkoba begani.

"Mwache alale," Dadima alisema, akamshika Sabreen mkono, wakatoka.